Wati Sitini

Mtoto wa kaka yangu, Arinaitwe, alirudi kutoka chuo cha ufundi
na koleo, na bisibisi, na hesabu.
Alipanda kiti changu bila kuvua viatu,
akaikazia macho balbu ya sebuleni
kama daktari anayetazama jino bovu.

"Shangazi, hii inakula wati sitini.
Katika kila shilingi kumi unazoilipa
tisa zinakwenda kwenye joto.
Mwanga unaosomea ni makombo."

Nikamwambia nimelishwa makombo miaka yote
na mbona ninaona.
Akacheka. Ana meno ya baba yake.

Siku hiyohiyo alizibadilisha zote.
Ya jikoni, yenye masizi shingoni.
Ile ya barazani, iliyojikunja kama konokono,
inayowaka kwa kusitasita, mgeni anayengoja akaribishwe mara ya pili;
hiyo alisema ina zebaki, akaizungushia gazeti
kwa adabu ya mazishi.
Nyingine alizitupa chooni, kwa bidii.
Akamalizia chumba cha nyuma,
penye boksi na vifaranga wangu mia na ishirini,
wa siku nne.

"Wati tisa tu. Ishike."
Niliishika ikiwa inawaka.
Ilikuwa kama kupeana mkono na karani:
vuguvugu, kisha basi.
Mita ya Yaka ikapunguza mbio.
Nilifurahi, sitadanganya.

Kabale usiku haina utani.
Ukungu ulishuka kutoka Kikungiri
ukapita chini ya mlango bila hodi.
Saa nane nikasikia vifaranga,
si ile sauti yao ya manyunyu juu ya bati,
bali kilio kimoja chenye ncha mia.

Chumba kilikuwa kweupe pe.
Niliona kila unyoya,
nilisoma maandishi ya boksi, hata yale madogo.
Nao wamerundikana kona moja,
wanapandana, wanatafuta tumbo la mama
ambaye kumbe alikuwa balbu.

Nikawasha makaa, nikachemsha maji, nikajaza madumu,
nikayavika sweta zangu zote
pamoja na ile ya kanisani.
Kulipokucha nilihesabu tisini na saba.
Ishirini na watatu niliwazika migombani,
kisha nikamwamsha Arinaitwe,
maana si haki kumficha mtu
jibu la hesabu yake.

Alisimama mbele ya boksi muda mrefu.
"Taa haikukosea," akasema. "Imefanya kazi yake."
Kweli.
Mimi ndiye niliyekuwa nikiilipa ile ya zamani mshahara wa taa
kwa kazi ya kuatamia.

Dukani kwa Tibesigwa walinicheka: hizo hatuleti tena, mama.
Nikaipata moja kwa fundi viatu karibu na stendi,
ameitundika juu ya kopo,
anapashia gundi.
Hakutaka kuiuza. Tulibishana hadi mvua ikaanza.
Nilimlipa bei ya kuku mzima.

Sasa sebuleni inawaka ile nyeupe, baridi,
inayoniachia pesa ya sukari.
Nyuma ananing'inia mlafi wangu mwekundu,
shibiri mbili juu ya migongo yao,
na ukimgusa kwa kidole chenye mate
anakujibu: tsss.

Usiku mmoja, karibu na mitihani,
niliikuta sebule tupu, taa inaangaza viti.
Arinaitwe alikuwa chumba cha nyuma,
amekalia dumu, daftari gotini, amevua koti,
vifaranga wametapakaa miguuni pake
kama unga uliomwagika.
Nilichungulia ukurasa.
Alikuwa anaandika juu ya ufanisi.

Nikarudi nikazima ya sebuleni.
Yuniti zilibaki sita.