Kodi Kumi na Moja

Saa nne asubuhi, sanaiya ya Ibra,
bati la paa limeshaanza kualika kwa joto.
Prado nyeupe imeletwa na winchi,
taa zote za dashibodi zinawaka kama nyumba yenye harusi,
na nyuma yake, ndani ya teksi, Bi Saada binti Muhenna,
mkoba kifuani, hasira mkononi.
Kazaliwa Tabora. Kiswahili chake kimekaa kabatini
miaka hamsini na bado mikunjo yake imesimama.
"Wewe ndiye Mhando wa Tanga? Haya. Sema naye."

Nikachomeka mashine chini ya usukani.
Ikafikiri. Ikaanza kutema:
U sifuri moja sifuri sifuri, kompyuta ya injini haipatikani.
U sifuri moja ishirini na moja, breki haziitiki.
P sifuri mia tano sitini na mbili, umeme mdogo.
Begi la hewa. Usukani. Gia. Milango.
"Kodi kumi na moja, mama."
"Kodi? Nyumba yangu mwenyewe, gari langu mwenyewe,
na mulkia nimelipia tangu Shaabani!"

Nikamweleza: kodi si ugonjwa.
Kodi ni jirani anayegonga ukuta usiku;
kelele anazisikia, moto hajui uko chumba gani.
Gereji ya kwanza waliwaamini majirani.
Wakamuuzia sensa ya gurudumu, kisha nyingine,
kisha kompyuta ya mtumba kutoka Sharja,
riali mia na arubaini, risiti hakuna.

Nikaiweka mashine kando.
Nikawasha indiketa ya kushoto:
waipa zikaanza kufagia kioo kikavu.
Nikakanyaga breki: redio ikazimika katikati ya habari.
Nikacheka. Bibi akadhani namcheka yeye.

La, mama. Umeme ni mgeni,
kuja kwake si kazi, kazi ni kurudi.
Ukimfungia njia ya kutokea
atapita jikoni kwa watu, atapita chumbani,
atawasha asichotumwa.

Mita, basi. Ncha nyeusi kwenye hasi ya betri,
nyekundu kwenye bodi, chini, miguuni pa abiria,
taa kubwa zote zimewashwa.
Hapo nilitegemea sifuri na vumbi la sifuri.
Nikasoma mbili nukta nne.

Nikang'oa plastiki. Nikainua zulia.
Harufu ikatoka kabla ya waya.
Sote wawili tukarudi nyuma hatua moja.

"Mama, nani kabeba samaki humu?"

Hakunijibu. Alitoa simu.
"Azzani," akasema, halafu Kiarabu,
kirefu, bila kituo, na katikati yake nikaokota
Ashkhara, na barafu, na mara tatu jina la marehemu baba yake.
Boksi lilivuja. Mtoto alikausha kwa taulo
akapuliza uturi, akanyamaza miezi minne,
chumvi ikaendelea na kazi yake chini.

Bolti namba kumi. Ilikatika nilipoigusa.
Waya wenyewe ulikuwa kijani kama ukoga wa birika,
nyuzi zake zikimwagika unga kidoleni.
Nikakata hadi kwenye shaba nyekundu,
nikabana kichwa kipya, nikapiga msasa bodi
mpaka chuma kikaona jua, nikapaka grisi.

"Huu waya unaitwaje?"
"Wa ardhi, mama."
Akausema taratibu, kama anayejaribu kiatu.
"Ardhi ya wapi?"
"Ya gari tu."
Akaguna, akatazama zulia nililolianika kwenye uzio.

Nikafuta kodi, nikawasha.
Kumi zikaenda zao. Moja ikabaki,
begi la hewa, upande wa abiria,
na hiyo sikuijua. Bado siijui.
Nimemwambia arudi Jumamosi,
aje na Azzani,
na asiwashe kiyoyozi, harufu itampanda.
Akafungua vioo vyote vinne.
Alipokata kona aliwasha indiketa ya kushoto
na waipa zikatulia.