Jeti

Shaurimoyo, nyuma ya duka la bearingi,
Fundi Kondo ana hatua nne za kivuli cha bati,
meza ya mninga iliyolewa oili,
na kopo la maziwa lililojaa jeti
zinazolia kama njugu akilitikisa.
"Kila moja ina tundu lake," anasema,
"na kila tundu lina ulafi wake."

Nimemsukumia Honda ya mama tangu Buguruni.
Ilimzungusha miaka kumi na tisa,
sanduku la ukunga nyuma, taa moja mbele,
Kiwalani, Vituka, Yombo kwenye tope,
kwenda kuwapokea watu
ambao sasa wana ndevu na madeni.

Kondo anaifungua kabureta.
Floti imekunywa petroli, haielei tena.
Nyuzi za skrubu zimeliwa.
Anapitisha ukucha ndani, taratibu,
anausikiliza ukucha,
si mimi.
"Hii imemaliza. Nikufungie ya Boksa."

Ya Boksa!
Mimi niliutaka ule mlio, wa saa nane usiku,
ko-ko-ko, kikohozi, kimya, ko-ko-ko tena,
ambao kitandani tuliutafsiri:
ukikolea, mama kaondoka;
ukirudi, kuna chai.

Kondo alishamtuma Sikitu kwa mkerezaji
na kipande cha pistoni ya lori.
Matundu ya bolti, huku milimita arobaini na nane,
kule hamsini na mbili.
Nne tu, punje mbili za mchele
zilizolala ubavu kwa ubavu,
na hizo nne zilikula siku mbili,
elfu ishirini na tano,
na chapati za kumbembeleza mkerezaji.

Siku ya tatu ikawaka, ikabweka, ikazima.
Plagi ikatoka nyeusi kama sufuria ya msibani.
Wakaweka jeti ndogo.
Plagi ikatoka nyeupe, jino la mtoto.
"Sasa ina njaa," akasema Sikitu,
na Kondo hakumsahihisha,
akamsogezea kopo.
Binti akachagua moja, akailenga jua kwa jicho moja,
akaipuliza, akaifunga.
Plagi ikatoka rangi ya andazi.

Nikairudisha kwa barabara ya Uhuru.
Ililia laini, kama cherehani,
nikaona haya njia nzima,
kama ninayempeleka nyumbani mtu siye.

Mama alikuwa anakata bamia.
Hakuinua kichwa. Mlio haukumwambia kitu.
Nikazima, nikaanza kuomba radhi:
floti, nyuzi, ya zamani haipatikani...

Akafuta mikono kwenye kanga,
akaja, akaiwasha. Teke moja.
Akaizima.
Akaiwasha tena. Teke moja.

"Ule mlio mnaousifia," akasema,
"niliusaka kwa mguu mara kumi na tano,
na huko Yombo mtoto ameshatoa kichwa.
Kuna mmoja nilimkuta
ameshakuja, na ameshakwenda."

Hakutaja nyumba ya nani.
Akarudi kwenye bamia zake.

Kabureta ya zamani ilibaki kwa Kondo.
Nilipopita Jumamosi alikuwa ameichambua yote.
Skrubu mbili tu ndizo zilizofaa.