Saa Kumi na Mbili, Erie

Jiko lilikufa Jumanne, lakini halikufa lote.
Hilo ndilo lililonichosha.
Saa yake ya kijani iliendelea kuhesabu dakika,
taa ya oveni iliwaka nilipofungua mlango,
feni ilinguruma kama mtu anayejifanya ana kazi,
na ndani mkate ulikaa saa nzima,
mweupe, baridi,
kama uso wa mgeni aliyenyimwa kiti.

Nje, theluji ya ziwani, siku ya tatu.
Mwenye nyumba hapokei simu.
Feza yuko zamu ya usiku, kiwanda cha vifuniko vya chupa;
tunapishana mlangoni alfajiri,
yeye akivua buti, mimi nikivaa,
tukikabidhiana mtoto kama funguo.

Nilianza kwa kukisia, kama kila mjinga mwenye bisibisi.
Nikalaumu koili ya chini.
Nikanunua mpya, dola thelathini na nane pamoja na kodi,
nikaifunga, nikapangusa mikono, nikawasha.
Taa ikawaka. Feni ikanguruma.
Baridi ileile.
Ile ya zamani, naona haya kusema, ilikuwa nzima.
Ninayo bado nyuma ya mlango,
imejikunja kama alama ya kuuliza.

Ijumaa, saa tisa usiku, nikalivuta jiko kutoka ukutani.
Miguu yake ikapiga kelele sakafuni,
na Bi Wisniewski wa chini akapanda kunigombeza,
kanzu ya kulalia, koti juu yake.
Akatazama. Akashuka. Akarudi na kopo la biskuti:
mita, koleo, vipande vya waya.
Miaka thelathini na mmoja alisuka nyaya za vichwa vya treni.

"Umepima?"
Nimebadilisha koili, nikasema.
"Sikukuuliza umebadilisha nini."

Mara tatu alinituma chini kwenye swichi kuu.
Zima. Washa, usiguse kitu. Zima tena.
Hata nilipoapa nimezima, alipima,
kwa sababu swichi nayo, alisema, ina uongo wake.
"Jiko lina miguu miwili. Waya mweusi, waya mwekundu.
Saa inatosheka na mmoja. Taa, mmoja.
Joto linataka yote miwili, kwa wakati mmoja."

Figa moja haliinjiki chungu, nikamwambia,
kisha nikahangaika kueleza figa ni nini
kwa mikono na kwa viazi vitatu mezani.
Alicheka mpaka akakohoa.

Nyuma ya jiko: punje za dengu, sarafu, kijiko cha Amisi
tulichokuwa tumemshuku jirani.
Na chini ya bati, skrubu sita baadaye, kiungio cha waya mwekundu
kimeungua, kimekuwa kaa.
Skrubu ililegea robo mzunguko. Robo tu.
"Hupata moto, hutanuka. Hupoa, hunywea," alisema.
"Miaka kumi na minne. Hakuna aliyekosea."

Tukakata palipoungua. Tukamenya waya
mpaka shaba ikaonekana, changa, kama fizi.
Kibao cha viungio alikuwa nacho, bila shaka, koponi.
"Kaza."
Nikakaza.
"Nimesema kaza."

Koili ilianza nyeusi, ikawa kahawia,
kisha wekundu ukatambaa kutoka pembe zote mbili
ukakutana katikati.
Bi Wisniewski alifunga kopo lake na kwenda kulala.

Feza aliingia na theluji kwenye nyusi.
Unga ulikuwa umechacha, mkate ukatoka bapa kama sandali.
Tuliula wima, makoti mwilini, bila siagi,
mgongo wake kwenye mlango wa oveni,
mimi nikichelewa kazini kwa makusudi.

"Saa imeharibika," akasema.
Umeme ulipokatwa, ilisahau kila kitu;
sasa inamemeta tarakimu zake nne:
kumi na mbili, sufuri sufuri.
Nikanyoosha mkono kuirekebisha.
Akaushika.
"Ngoja. Ni saa ngapi kwetu?"

Dirishani kulikuwa kunapambazuka.
Saa kumi na mbili kamili, asubuhi.
Miaka minne tumekaa nalo nyumba moja,
na leo ndiyo mara ya kwanza
jiko hili limesema Kiswahili.