Mita za Ujazo

Daftari ni lile la mahesabu ya duka, limebakiwa na kurasa kumi na tatu.
Nimepiga mstari katikati: kushoto vinavyokwenda,
kulia vinavyobaki Buenos Aires.
Mali bila daftari huisha bila habari,
lakini katika nchi hii hata yenye daftari
huisha wino ukiwa mbichi.
Alhamisi mwenye lori aliniambia, kwa sauti ya mtu anayetoa pole,
"Bibi, ile ilikuwa bei ya Jumatatu."

Kwa hiyo naandika kwa penseli.

Kilomita elfu moja na mia tisa, kasoro kidogo,
toka mtaa wa Boedo mpaka Esquel, chini ya milima,
mji ambao ukipiga chafya sokoni
duka la dawa wameshasikia.
Kodi ya huko ni theluthi ya hii ninayolipa
kwa vyumba viwili na dirisha linalotazama ukuta.
Hiyo ndiyo sababu. Wanaoniuliza nawajibu: hewa.
Hewa haina aibu kama kodi.

Lori halihesabu vitu. Linahesabu mita za ujazo,
na ninazomudu ni saba.
Nikatwaa utepe wa kushonea,
nikaipima nyumba kama anayeipimia sanda.
Kitanda: mbili na nusu.
Cherehani ya mama na meza yake: nusu, ukiikunja.
Jokofu linakohoa usiku kucha; libaki.
Vitabu vya kaka yangu Ovidio, ambaye hajavirudia
tangu alipokimbilia Vigo, mwaka ule benki zilipofunga milango:
moja na robo, na uzito wa mawe.
Nikampigia simu. Akasema, "Fanya uonavyo."
Maneno mawili. Hayana ujazo,
na bado sijui pa kuyapakia.

Kisha kabati la sahani, la bibi,
la mti wa mjozi, kioo kimepasuka pembeni.
Nikalipima. Nikalipima tena.
Mara ya tatu niliulegeza utepe
kama muuza vitambaa anayejipunja mwenyewe.
Tatu. Tatu kamili.

Zulema wa ghorofa ya pili alikuja na wanawe, wakalibeba.
Nilimwambia namwazima.
Akaitikia, "Nitalitunza mpaka urudi,"
na wote wawili tukatazama ngazi.
Ukutani limebaki umbo lake,
mahali pekee sebuleni ambapo rangi
ni ileile tuliyopaka baba akiwa hai.

Mwisho wa ukurasa kuna mstari wa Mengineyo:
tiketi ya basi, siku nzima na ushei;
dawa ya kumlaza paka; buti;
bahashishi ya vijana wa lori;
na kiasi kidogo cha kurudia, endapo.
Hicho nimekifuta. Nimekiandika tena.
Karatasi imetoboka hapo.

Jana usiku alipiga mwenye nyumba wa Esquel,
Bi Eluned, jina la Kiwelisi ambalo ulimi wangu unajikwaa nalo.
"Umepanga bajeti ya kuni?"
Kuni? Mimi, mtoto wa jiko la gesi,
nilikuwa nimeandika gesi, umeme, maji,
nikajiona hodari.
"Gesi haijafika upande wetu wa kilima," akasema.
"Nunua sasa kiangazi. Ikifika Mei watakukamua.
Nimekutengea tatu, utalipa ukija."
Tatu nini?
"Mita za ujazo, binti. Kwenu kuni hupimwaje?"
Binti, mimi wa miaka sitini na mmoja.

Simu ilikatika, nikabaki nayo mkononi.
Paka alikuwa amelala pale lilipokuwa kabati,
amejinyoosha, kajaza kila inchi aliyoweza.
Nikachonga penseli.
Upande wa kushoto nikaandika: kuni, tatu.
Bei sikuijua.
Nikaacha nafasi.