Kisanduku cha Mengineyo

Fomu ilitaka mkuu wa kaya.
Tulikuwa juu ya tuta, Kurigram, mwezi wa Srabon,
Brahmaputra ikilamba mikeka pande zote mbili.
Mkuu wa kaya ni nani, nikamuuliza Morjina.
Akatazama huku, akatazama kule,
kama aliyeulizwa jogoo kaenda wapi.
"Yuko Gazipur, anashona mifuko ya suruali.
Tangu Idi hajapiga simu.
Andika aliyepo."

Nikaandika aliyepo.

Mashine ikataka dole gumba.
Akalifuta kwenye sari, akalibandika.
Taa nyekundu.
Akalitemea mate, akalifuta tena.
Nyekundu.
Miaka kumi na mmoja ya kuvunja matofali kwa nyundo,
kokoto za barabara asizopita,
imekula mistari yote ya kidole;
kazi imefuta ushahidi wa kazi.
Na mashine, ambayo haijawahi kushika nyundo,
ikasema: huyu simjui.

Foleni ilikuwa ndefu, mvua inanukia.
Tukajaribu cha shahada, cha kati, cha pete.
Mwishowe kile cha mwisho, cha mkono wa kushoto,
kidogo, kimepinda, hakina kazi duniani,
kikawasha kijani.
"Kumbe mvivu ndiye mwenye kitambulisho!"
akasema Jobeda,
na wanawake wakacheka hadi mtoto wa mtu akaamka analia.

Nilikuwa nimetumwa niseme mawili matatu kuhusu akiba.
Nikaanza: haba na haba.
Wakanitazama kwa huruma.
Jobeda akanieleza taratibu,
kama anayemwonyesha mgeni choo kilipo:
"Kila tukipika, kabla ya kuosha mchele,
tunachota konzi moja, tunaiweka kando.
Mama zetu walifanya hivyo, na mama zao.
Ukiwa mwingi tunauza.
Sarafu tunazitia ndani ya nguzo ya mwanzi,
tundu dogo, chini, nyuma ya mtungi,
mahali ambapo mume hapapasi.
Kibaba tunakijua, dada.
Kilikuwa kinajaa.
Kilichoondoka ni nguzo."

Ya Morjina ilikuwa na miaka sita ndani yake.
Aliiona ikienda.
Nguzo za wengine zililala juu ya maji;
yake, kwa uzito wa sarafu,
ilisafiri imesimama wima,
ikizama kidogo, ikiibuka,
hadi kwenye kona ya mto.

Fedha ziliingia kwenye simu Alhamisi.
Ijumaa shemeji yake akaja, Kolimuddin, ndevu zimechanwa:
lete simu nikutunzie, mambo haya si ya kike.
Akampa. Kwa mikono miwili, kwa adabu zote.
Namba ya siri hakumpa, na yeye hakujua kuiomba.
Shemeji akakaa siku tatu
na tochi.

Kartik nikarudi, matope yamekauka na kupasuka.
Fomu ya pili: matumizi.
Mchele. Dawa ya kuhara. Mabati matatu.
Nauli ya mashua, kumrudisha ndama.
Nikajumlisha, nikajumlisha tena.
Palipungua mia tano.
Na hizi?

Akaokota ukuti, akauvunja.
"Mume wangu alipokuwa analeta mshahara," akasema,
"nani alimjia na karatasi?"

Nina cheti cha ukutani kuhusu usawa wa kijinsia.
Nimesimama mbele ya wageni nikalitamka neno hilo
bila kukwama.
Pale, kalamu ilikwama.

Fomu ina visanduku kumi na viwili.
Cha mwisho kimebanwa pembeni, hakitoshi hata jina:
Mengineyo.
Nikatia alama. Sikuandika kitu.

Alikuwa ameshanigeuzia mgongo.
Mchele ulikuwa kwenye ungo, haujaoshwa.
Mkono uliingia,
ukatoka umefumba.