Pete ya Mpira

Barua ilifika Wuxi Alhamisi, kabla ya chai,
na mhuri wa mji ambao sijawahi kuuona.
Ilisema: kuanzia saa sita usiku
hakuna skrubu, hakuna kioo, hakuna neno.

Neno! Nikamuuliza Sjoerd,
aliyekuwa amelala chali chini ya mashine,
soksi moja ya buluu, moja ya kijivu:
"Hata neno?"
"Hata neno, Lanying. Ushauri nao ni bidhaa."
Akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja,
kama mtu aliyetoka kuosha maiti.

Saa tano na dakika hamsini bado alinifunza
kuisikiliza pampu:
ikikoroma, iache; ikinong'ona, izime;
na ikifika siku ikaanza ku—
Saa ikagonga. Akafunga mdomo.
Sentensi ile ingali hapa mezani,
karibu na kikombe chake.

Tukabaki na mashine ya mabilioni
iliyogoma kwa pete ya mpira
isiyozidi bei ya nauli ya basi.
Tukakata yetu. Ikapasuka.
Tukapika nyingine. Ikavimba
kama mkate uliozidiwa hamira.
Ya thelathini na moja ilishika siku mbili;
Qiu wa stoo akanunua fataki,
siku ya tatu akazirudisha dukani.

Nilimpigia simu Veldhoven.
Nikauliza habari za mvua, akajibu.
Za binti yake Fenna, akajibu kwa kirefu.
"Nyuzi mia na themanini, je?"
Kimya.
"Mia na arobaini?"
Akakohoa.
Kikohozi hakihitaji kibali.

Wenye mhuri walidhani ujuzi ni bomba:
ulifunge, jirani afe kiu.
Wakasahau ni nani huchimba visima.

Lakini msinipigie makofi.
Miaka mitatu, macho yangu mawili,
ndoa ya Qiu,
kuvumbua kitu kilichokwisha kuvumbuliwa.
Kwao, karakana ya pete imefungwa,
Sjoerd anatengeneza baiskeli za watalii.
Ile mashine tuliyoichora pamoja
nyuma ya karatasi ya mkahawa,
ambayo si wao wala sisi tuliyekuwa nayo,
hakuna anayeijenga.

Jana nilikiosha kile kikombe.
Usiku huu pampu inanong'ona.
Mkono uko kwenye swichi,
nami sijaizima:
huenda anamalizia sentensi.