Karatasi ya Kazija

Kazija kateguka mguu ngazini,
ndipo nami nikakabidhiwa kikapu.
Miaka ishirini na sita ya ndoa
na sijui tungule huuzwa kwa fungu au kwa kilo.

Kaniandikia nyuma ya boksi la dawa
kwa hati yake ya chuoni,
herufi zimeinama mbele kama watu wanaokimbia mvua:
nazi tatu, uzitikise;
ndimu, zisiwe za Faki;
mchele wa mapembe, kilo mbili;
bizari nzima, thomu, mchicha wenye mizizi;
samaki, utakavyoona.
Hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi.

Chake, saa mbili asubuhi, mvua ya usiku haijakauka.
Kuku wamefungwa miguu, wananing'inia kwenye usukani wa baskeli,
wanalitazama soko juu chini
na hawaonekani kushangaa.
Kijana kalala ndani ya gari la mkono,
fenesi kalikumbatia kama mto.
Mzee mmoja anamenya shokishoki, anampa mteja aonje.
Mteja anaonja, anaonja tena,
anaaga.
Mzee anamsindikiza kwa macho mpaka kona ya msikiti,
kisha anamenya nyingine, anakula mwenyewe.

Tungule zimepangwa nne chini, moja juu.
Nimelipia ya juu, nimebeba za chini.

Faki sikuwa namjua kwa sura.
Nikauliza: ndimu hizi za nani?
"Za Mungu," kanijibu.
Nikanunua.

Kwenye mnada wa samaki nilisimama kwa mbali,
mikono nyuma kama mwalimu wa zamu.
Mbu kaniuma sikioni, nikajikuna.
"Elfu kumi na mbili, bwana wa kofia!"
Basi nikawa mwenye mtungo wa tasi.
Hivyo ndivyo nilivyoona.

Kwa Bi Raya, penye bizari, sikuwahi kufungua mdomo.
"Kazija yuko wapi?"
Umejuaje kama ni wangu?
"Wewe sikujui. Nakijua kikapu."
Akaushika mkono wake, ule ulioshonwa kwa mshipi wa buluu,
akapaza sauti kwa jirani:
"Mbarouk! Mama Mizani kateguka mguu!"

Mama nani?

Wakanihadithia kwa pamoja, wanakatana maneno:
siku alipokuja na jiwe lake kwapani,
kilo kamili, kalipimisha kwingine mara mbili,
akaliweka mkabala na jiwe la Mbarouk
na la Mbarouk likapaa.
Mbarouk mwenyewe ndiye aliyecheka mpaka akashika meza.
"Yakhe, huyo asipokuja soko hupoa.
Anatuigiza sauti sote, mmoja mmoja."
"Na yako anaijua," akasema Bi Raya,
kisha akajitia kutafuta karatasi ya kufungia.

Kazija ninayemjua mimi
husikiliza taarifa ya habari kimya, mikono mapajani.
Nikimwambia mchuzi mzuri,
husema, "Haya."

Nimeregea. Yuko barazani, mguu juu ya mto,
akakikagua kikapu kama askari wa forodha.
Mchele, sawa. Mchicha, sawa.
Tasi akamfunua shavu, akaguna,
lakini si kuguna kubaya.
Tungule akazitazama, akanitazama mimi,
akazisamehe.
Ndimu akaibonyeza mara moja tu.
"Za Faki hizi."
"Za Mungu," nikasema.
"Faki huyo huyo."

Lile jina likanifika ncha ya ulimi.
Nikaliacha pale pale,
nikachukua nazi badala yake, nikaitikisa sikioni.
Maji yakaitika ndani.
"Unasikiliza nini?" akauliza.
Nilikuwa sijui.
Nikaitikisa tena.